Mtu Aliyeonekana Mara Tatu

Daktari Ogada alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, umande umenilowesha hadi magotini. Nilijua mambo si mazuri kwa sababu hakuuliza habari za nyumbani. Daktari Ogada ni mtu wa ziwani, na watu wa ziwani ninaowajua mimi husalimu kwanza hata kama nyumba inaungua.

"Mwalimu Nelvine, nimesoma sura yako ya pili," akasema. "Imeandikwa vizuri. Lakini hakuna mtu ndani."

"Hakuna mtu vipi, Daktari? Kuna mabaharia mia mbili na kumi na wanne. Nimewahesabu mwenyewe."

"Ndiyo, umewahesabu. Kila mmoja anatokea mara moja, halafu anapotea. Jina moja, mstari mmoja, kwisha. Hiyo ni list. Nitafutie mtu mmoja tu ambaye tunaweza kumfuata kutoka karatasi moja mpaka nyingine. Ukikosa, ubadilishe topic. Kamati inakaa Jumatatu ijayo."

"Nibadilishe niandike nini?"

"Si uko Kimulot? Andika chai."

Nilikata simu kabla mdomo wangu haujaniharibia masomo. Nina hasira za karibu, sifichi, na siku hiyo niliyachuma majani kama ninayanyonga, mpaka mama yangu Rodah akaniambia nipumzike nisije nikang'oa na mizizi.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari huko Sigor, na likizo ya Agosti hurudi nyumbani Kimulot kumsaidia mama shambani. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisomea shahada ya pili Kericho, Jumamosi kwa Jumamosi. Mada yangu ilikuwa mabaharia Waafrika waliofanya kazi kwenye meli za maharamia katika Bahari ya Hindi, miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Hapa kwetu kila mtu aliyesikia alicheka. Mama hukumbusha wageni kwamba bahari nimeiona mara moja tu, ziara ya kidato cha tatu, na kwamba nilipanda boti nikatapika hadi mwalimu akaomba tugeuze.

Wacheke tu. Mimi nilishikwa na mada hiyo siku nilipogundua kwamba vitabu vyote juu ya maharamia ni vitabu vya makapteni. Kapteni alisema hivi, kapteni alizika dhahabu kule. Nani alivuta kamba? Nani alipika? Mtu aliyekulia hapa juu haoni ugumu kuuliza swali hilo. Mashamba makubwa ya chai yana historia zake zilizoandikwa, na humo kila meneja ana jina, ana picha, hata mbwa wake ana picha, lakini waliochuma hawamo. Nilitaka mabaharia wangu wawemo. Nilikuwa nimewapenda, basi, na mtu akikuambia watu unaowapenda ni orodha, inauma.

Siku ya Jumanne na Jumatano nilitandaza karatasi zangu zote kitandani. Zilikuwa nakala za nyaraka za zamani, zilizopigwa picha na hifadhi za Ulaya na kuwekwa mtandaoni. Kulikuwa na maafikiano ya mabaharia wa meli ya maharamia iliyoitwa Njiwa, ya mwaka 1695, ambayo kila aliyejiunga alitia sahihi. Kulikuwa na ushahidi uliotolewa mbele ya mahakimu huko Bombay mwaka 1698, na mwingine wa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1703. Halafu kulikuwa na picha za vitu vilivyotolewa chini ya bahari karibu na Madagaska, mahali Njiwa ilipozama mwaka 1697: misumari, shanga, kijiko kilichopinda, kitana cha mfupa.

Nilipitia majina moja moja kwa kalamu nyekundu, nikitafuta jina lililojirudia. Kwenye Njiwa kulikuwa na Tom, mtu wa Komoro, ambaye kwenye daftari langu nilikuwa nimemwandikia "huenda alizama na meli." Bombay hapakuwa na Tom. Rasi hapakuwa na Tom. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa nimemaliza majina yote mia mbili na kumi na manne, na hakuna hata moja lililotokea mara mbili kwa mtu ambaye ningeweza kuapa ni yuleyule. Nilikaa chini nikalia kidogo. Mama akaniletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe, akasema chai pia ni historia.

"Mama, tafadhali," nikamwambia.

"Nimesema tu," akajibu.

Alhamisi goti la mama lilikuwa limevimba, kwa hiyo nikalibeba gunia la majani mimi mwenyewe hadi kituo cha kununulia chai. Karani wa kituo ni Mzee Lazarus Obure. Alitumwa hapa na kiwanda akiwa kijana kutoka ziwani, akaoa, akajenga, na mwakani anastaafu. Siku hiyo alikuwa amezungukwa na madaftari makuukuu yaliyojaa vumbi, maana kiwanda kilitaka wakulima wote waingizwe upya kwenye kompyuta, na mtu pekee anayejua nani ni nani ni yeye.

"Mwalimu! Umefika saa nzuri," akaniita. "Hii shamba yenu nimeiweka kwa jina ya mama yako, lakini kompyuta inataka mwenye alikuwa nayo mbele. Niandike nani? Kipkemboi, ama Aron, ama arap Mosonik?"

"Si wote ni kugo?" nikasema. Kugo ni babu, baba yake mama, aliyefariki nikiwa darasa la sita. "Kipkemboi ndilo la kuzaliwa, Aron la kanisani, na arap Mosonik alipewa alipotoka jandoni. Andika lolote."

Mzee Obure akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka pia, maana walikijua kisa. Mimi nilikuwa sijawahi kukisikia.

"Nyathina, mtoto wangu, wewe unasema lolote," akasema huku akifuta macho. "Hiyo lolote karibu inifukuzishe kazi. Mwaka wa themanini na nane ndio nimefika hapa. Kipsigis sijui hata ya kuomba maji. Nikaambiwa nigawe mbolea, kila mkulima mifuko mitatu. Nikapewa list ya kanisa, list ya chifu na list ya mashamba, niziunganishe. Huko kwetu mtu akipata jina anakaa nayo. Sasa Jumatatu nikaita Aron, akakuja. Jumanne nikaita Kipkemboi, akakuja. Jumatano nikaita arap Mosonik. Akakuja tena, na punda."

"Na hakusema kitu?"

"Aseme nini? Ameitwa, ameitika. Majina yote ni yake! Alifikiria serikali imekuwa nzuri. Ni nyanya yako alimwambia hakuna serikali nzuri hivyo, akamrudisha hapa na mifuko sita."

"Lakini wewe ulimwona mara tatu, Karani. Si ungemjua kwa sura?"

"Watu mia mbili wamesimama hapo, mvua inanyesha, mimi naangalia karatasi. Sikuangalia sura ya mtu hata mmoja." Akavuta daftari moja, akalifungua mahali palipowekwa kipande cha kadibodi. "Lakini kitabu ilikuwa inajua. Angalia. Page ya Aron, hii hapa. Ya Kipkemboi. Ya arap Mosonik. Angalia pale alitia mkono."

Kugo hakujua kuandika. Pale mtu alipotakiwa kutia sahihi, kulikuwa na mstari mrefu ulioinama na mikato miwili midogo ubavuni. Niliufahamu papo hapo. Ng'ombe wetu walikuwa wakikatwa sikio la kushoto hivyo, na mama angali anawakata hivyo mpaka leo.

"Ile siku nimeonyeshwa hii, nimejifunza," akaendelea Mzee Obure. "Mtu anaweza kupewa majina kumi. Lakini mwenye hajui kuandika anafanya alama yake moja, na anaifanya vile vile mpaka afe. Na usiangalie shepu peke yake. Angalia kalamu imeanzia wapi. Hawa wengine wote wanaanza juu, kuteremka. Mzee wako alianza chini akipanda, kama vile anakata sikio. Ona wino imejaa huku chini. Tangu hapo mimi sisomi jina kwanza."

Nilikuwa nimeona kitu kibaya sana: karatasi zangu, zile zilizokuwa zimetandazwa kitandani, hazikuwa na sehemu za chini. Nilikuwa nimeagiza zikatwe. Miaka miwili iliyopita nilisema kwa kinywa changu kwamba huko chini hakuna jipya, majina yote yameshaandikwa juu.

"Mwalimu, unaenda wapi? Chai bado haijapimwa!"

Nilikuwa nimeshafika barabarani. Mama alinisema baadaye kwa kuliacha gunia juani majani yakianza kupata joto ndani, na ana haki. Mzee Obure ndiye aliyelipima akampelekea risiti.

Sikuweza kufika Bomet siku hiyo, mvua ilikuwa imeharibu barabara. Ijumaa saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Janefer, mwenye duka la kompyuta nyuma ya ofisi za kaunti, kabla hajafungua. Yeye ndiye aliyenichapishia nyaraka zote, na nakala zangu nzima zilipotea kompyuta yangu ilipounguzwa na umeme wa shule.

"Janefer, zile karatasi zangu za maharamia. Niambie hujazifuta."

"Mimi sifuti kitu cha mtu," akasema akitafuta funguo. "Na habari ya asubuhi pia, Madam."

"Nzuri. Samahani. Nataka zile pages nzima, na huko chini kote."

"Si ni wewe uliniambia nikate? Ulisema hizo za chini ni uchafu, zinamaliza wino."

"Ni mimi. Nilikuwa mjinga."

Alinitazama, nadhani hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akawasha kompyuta, akatafuta, na ukurasa wa maafikiano ya Njiwa ukajaa kwenye kioo, mzima, rangi ya kahawia, umetobolewa na wadudu pembeni. Chini yake kulikuwa na alama thelathini na moja. Nyingi zilikuwa misalaba. Kulikuwa na duara, kulikuwa na nanga, na karibu na pembe kulikuwa na ndoana, yenye vitone viwili chini yake. Karani wa meli alikuwa ameandika kando: Tom, alama yake.

Nikamwomba afungue ule wa Bombay. Mashahidi sita. Wa nne, chini ya jina Soliman, alikuwa ametia ndoana na vitone viwili.

Nilimwashiria Janefer kwa kidole, na akafungua ule wa Rasi. Mtu mmoja, ukurasa wake peke yake: Abraham, baharia huru, alama yake. Ndoana. Vitone viwili. Nilimwomba akuze picha, nikainama mpaka pua ikakaribia kioo, nikatafuta mahali wino ulipojaa. Ulijaa chini, zote tatu. Misalaba ya wenzake iliteremka kutoka juu. Yeye alianza chini akapanda, akapinda, halafu akarudi kuweka vitone, cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia. Mwaka 1695, mwaka 1698, mwaka 1703. Mkono uleule.

Machozi yakanitoka, ya kweli, na kamasi juu. Janefer akanivutia karatasi ya msalani, akakaa karibu nami.

"Pole, Madam. Nani amekufa?"

"Hajafa," nikamwambia. "Ndiyo habari yenyewe. Mimi nilimwandika amezama, na hakuzama."

Kisha nikakumbuka vile vitu vya chini ya bahari. Picha ya kitana cha mfupa nilikuwa nayo mwaka mzima, na maelezo ya jumba la makumbusho yalisema tu kwamba kina mapambo madogo kwenye ubavu. Tulikikuza. Janefer ndiye aliyeona kwanza, akagonga kioo kwa ukucha. Mapambo hayo yalikuwa ndoana iliyochongwa kwa ncha ya kisu, na vitone viwili, cha kushoto kikubwa. Nilikaa nikiwaza kwamba huyu mtu alichana nywele zake asubuhi, kwenye meli ya wezi, mbali na kwao, na aliogopa mwenzake asimchukulie kitana. Katika miaka miwili ya kusoma, huyo alikuwa wa kwanza ambaye ningemtambua akipita.

Jumamosi na Jumapili niliandika, mama akinikatazia shamba. Nilisoma maelezo yale mawili ya ushahidi upya, kwa utulivu sasa, nikijua ni mtu mmoja anayesema. Bombay, Soliman anasema alizaliwa Domoni, Komoro, na kwamba alichukuliwa kwa nguvu kwenye Njiwa lakini alilipwa fungu lake kama wengine. Miaka mitano baadaye huko Rasi, Abraham anasema alizaliwa Domoni, na anaomba cheti cha kuthibitisha kwamba yeye si mtumwa wa mtu, ili apande meli ya kwenda kwao. Alipewa cheti. Mstari wa mwisho unasema hivyo, na nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kujua ni wa nani.

Kamati ilikaa Jumatatu saa nne Kericho, katika chumba chenye dirisha lisilofungika. Walikuwa walimu watatu, Daktari Ogada akiwa katikati. Niliweka kurasa tatu mezani, na picha ya kitana, nikaeleza. Nilieleza haraka mno, nikaambiwa nirudie.

Daktari Ogada alisikiliza akiwa amefumba macho, namna yake ya kutisha wanafunzi. Nilipomaliza akayafumbua.

"Ndoana," akasema. "Pwani yote ni wavuvi. Si mtu yeyote anaweza kuchora ndoana?"

Hasira nikaimeza. "Anaweza, Daktari. Lakini angalia kalamu ilianzia wapi." Nikamwonyesha wino, nikamwonyesha vitone, nikamwonyesha Domoni mara mbili. "Na hata hivyo sijasema ni hakika. Ukurasa wa tisa nimeandika kwamba inaelekea sana ni yeye, na nimeandika nini kingeonyesha kwamba nimekosea."

Akaufungua ukurasa wa tisa. Akausoma wote, akarudi mwanzo akausoma tena. Yule mwalimu wa kushoto alitaka kuuliza kitu, Daktari akanyoosha mkono kumzuia.

"Hii njia ya kuangalia mwanzo wa wino umeitoa kitabu gani?"

"Daftari la mbolea la kituo chetu cha chai, Daktari. La karani Lazarus Obure. Nimemweka kwenye tanbihi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Daktari Ogada alicheka kwa sauti. Alicheka hadi akavua miwani. "Obure," akasema. "Mtu wetu. Mwondoe kwenye tanbihi. Muweke kwenye shukrani, ukurasa wa kwanza, jina lote." Halafu akavuta fomu ya chuo, ile inayojazwa mada ikikubaliwa, akatoa kalamu. Nilishikilia ukingo wa kiti.

"Mada," akasema akiandika. "Maisha ya baharia..." Akasimamisha kalamu. "Tumwite nani? Tom, Soliman, Abraham?"

Nilikuwa nimeliwaza swali hilo siku mbili. "Sijui, Daktari. Tom alipewa na wezi. Abraham huenda alipewa na kanisa. Soliman labda ndilo la kwao, labda ni karani tu aliyedhani. Aliyaitika yote. Mama yake alimwitaje, hilo karatasi hazisemi."

"Fomu inataka kitu."

"Basi weka alichokiandika mwenyewe."

Wale walimu wengine wawili wakatazamana. Daktari Ogada aliivuta karibu ile picha ya Rasi, akaitazama kwa muda, akaiweka kando ya fomu. Akasogeza mkono wake ukae vizuri.

"Alianzia wapi?" akaniuliza.

"Chini."

Akaweka ncha ya kalamu chini ya mstari, akapanda polepole, akapinda. Akanyanyua mkono, akaurudisha, akaweka kitone cha kushoto, akakikoleza, halafu akaweka cha kulia. Akanigeuzia fomu nione.

"Iko sawa?"

Nikamwambia iko sawa.